Chungu Kinachovuja Mwanga

Kitu cha kwanza utakachokiona kwa Wambeti ni pua. Si kwamba ni kubwa. Ni kwamba haitulii. Kabla hajakupa mkono, pua imekwisha kujua umekunywa nini na mbwa wako analala wapi. Udongo wa kufinyangia huuchota kiganjani, akaunusa macho ameyafumba, kisha ama autie guniani ama autupe kwa msonyo. Kwa miaka thelathini, huku nyanda kavu za Embu ambako mbuzi ni wengi kuliko miti ya kivuli, hakuna chungu chake kilichowahi kuvuja, isipokuwa vile vya Mama Hetal, ambavyo huvuja kwa makusudi.

Mama Hetal ana duka la vitambaa mjini Embu. Miaka mitano iliyopita alimfuata Wambeti sokoni, akamwomba chungu kidogo chenye matundu mwili mzima.

"Matundu?" Wambeti alicheka hadi akashika ubavu. "Mama, mimi watu wangenirudishia chungu kikiwa na tundu moja. Wewe unataka mia?"

"Ni cha kuwekea taa, Mama Karimi. Si cha maji."

Akamweleza. Kila mwaka, mvua za Oktoba zinapokaribia, Wahindu wa kwao humwadhimisha mungu wa kike wanayemwita Mama Amba, aliyepigana siku tisa na jitu lenye umbo la nyati, na ya kumi akaliangusha. Chungu ni tumbo la mama. Taa iliyo ndani ni uhai. Wanawake hukizunguka wakicheza na kupiga makofi, jioni baada ya jioni, na siku hizo zote nyama haiingii nyumbani, wala kitunguu. Wambeti, aliyezaa wanne na kuzika mmoja, hakuhitaji kuelezwa mara mbili habari ya tumbo na taa.

Miaka minne mambo yalikwenda vyema. Mwaka jana Wambeti akataka kumfurahisha mwenzake. Bibi yake alikuwa amemfundisha kukipaka chungu cha zawadi mafuta ya mbuzi kingali moto, ili king'ae, naye akafanya hivyo. Mama Hetal alikifungua mlangoni mwa duka, akaziba mdomo kwa mtandio, akakimbilia mtaroni kutapika.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya mbuzi, mama. Yale mazuri, ya figo."

Mwaka huo taa ya Mama Amba iliwashwa ndani ya mkebe wa bati uliotobolewa kwa msumari. Wambeti alirudi na chungu mapajani, na njiani pua yake ikanusa kile alichonusa mwenzake: shahamu iliyochacha, jasho la zizi. Alijichukia. Alikivunjia nyuma ya choo.

Mwezi uliopita simu ikalia. "Mama Karimi, nakupa nafasi nyingine. Ya mwisho. Kisinuke chochote."

Siku iyo hiyo alishuka na binti yake, Karimi, hadi shimo la udongo lililo kando ya kijito. Kabla hawajafika, pua ilimsimamisha. Shimo lilikuwa limejaa matumbo ya ng'ombe, yamefura, yamegeuka kijani, funza wakitokota ndani yake kama uji jikoni. Kichwa kimoja kilichochunwa kiliwakodolea jicho lililobaki. Maji mazito ya rangi ya usaha yalichuruzika taratibu yakinywewa na udongo. Karimi aliinama vichakani akatapika.

"Ni Muchangi wa bucha," alisema akijifuta. "Afisa wa afya alimkataza kutupa nyuma ya duka."

Wambeti alijaza karai matumbo yale, akajitwika, akapanda nalo hadi buchani, nzi wakimfuata kama harusi. Muchangi alikuwa ndani ya koti lake jeupe, akipima nyama.

"Muchangi, umesahau mali yako."

"Mama, toa uchafu wako hapa! Huoni wateja?"

"Wangu? Nimeutoa shimoni ulikoutupa."

Muchangi aliwageukia wateja akicheka. "Huyu huwafinyangia Wahindi chungu cha sanamu, halafu mimi ndiye mchafu!"

"Hao siku tisa hawagusi hata kitunguu kwa heshima ya mama yao. Wewe unamwaga mavi ya ng'ombe mahali tunapochota udongo wa vyungu vya kuwapikia watoto, kisha Jumapili unashika sahani ya sadaka kwa mikono hiyo hiyo." Alilitua karai juu ya kaunta. "Nusa."

Mteja mmoja, Mzee Njuki, aliyekuwa ameshafungiwa kilo yake, aliirudisha kwenye mizani akatoka. Waliobaki wakamfuata. Kabla ya jua kutua Muchangi alikuwa shimoni na mkokoteni, kitambaa puani, akizoa.

Wambeti hakuuamini usafi wa Muchangi. Kwa siku tatu alichimba kwenda chini, kila kiganja akinusa na kutupa, hadi siku ya nne udongo uliponukia mvua tu. Alifinyanga, akatoboa matundu kwa mwiba, akakichoma kwa kuni kavu, bila kinyesi cha ng'ombe alichozoea kuchanganya. Hakupaka kitu. Tangu siku ya karai hajala nyama. Hakuna aliyemkataza, pua tu imekataa.

Jana Mama Hetal alikuja mwenyewe. Alikiinua chungu, akaingiza pua ndani, akakaa hivyo kitambo.

"Hakinuki kitu," alisema hatimaye. "Jumatatu jioni tunaanza. Uje, taa uiwashe wewe."

Miaka yote hiyo Wambeti hajawahi kukiona chungu chake kikiwa na taa ndani. Amefua gauni mara mbili. Mikono ameiloweka kwenye maji ya ndimu hadi ngozi ikajikunja. Leo ni Ijumaa, na amekwisha kumuuliza Karimi mara nne kama mwanga hutoka kwenye matundu yote au ya juu peke yake.

"Mimi nitajuaje, mama?" Karimi humjibu. "Ngoja Jumatatu."