Siku Niliyofungua Ngitili ya Baba

Wiki iliyopita mkokoteni wa nyasi kavu ulipita mbele ya nyumba yangu hapa Bariadi mjini. Harufu yake, ya vumbi na utamu kidogo, ilinikuta nikifua, nikaacha nguo kwenye beseni. Wenzangu mliokulia kwenye ng'ombe mtanielewa. Ilinirudisha kijijini kwetu, upande wa Ngulyati, nikiwa na miaka tisa.

Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikiisha, nyasi zikaachwa zisimame mpaka kiangazi kikali. Ya baba ilianzia nyuma ya zizi, imezungushiwa matawi ya miiba. Ng'ombe wetu walikonda huku wakizitazama zile nyasi, na mama alikuwa akimuuliza baba kama anazitunza kwa ajili ya maonyesho. Baba alicheka. "Ng'ombe akishiba leo tu, mimi bado sijafanya kazi," alisema. Alikula alichopewa, akaamka akiimba, na sikuwahi kumsikia akitamani kundi la mtu. Mimi nilimwona bahili.

Nilikuwa na ng'ombe niliyempenda, mwekundu mwenye doa jeupe usoni, aliyezaa karibuni. Mbavu zake zilihesabika. Asubuhi moja baba alikwenda mnadani, mama akaenda msibani, nami nikaachiwa ng'ombe yule na ndama wake. Huruma ikanizidi. Nilivuta matawi mawili ya miiba, nikawaingiza. Nilikusudia wale kidogo tu, kisha nifunge.

Saa sita kundi lililobaki lilirudi kutoka malishoni kunywa maji, likanusa nyasi, likaingia lote. Haikupita muda akaja na ng'ombe wake Mzee Masanja, jirani yetu. Pale kwetu mwenye ngitili akishafungua, jirani huingia, na hafukuzwi.

"Mwadila, Kabula," alinisalimu kwa Kisukuma, uso umemchangamka. "Kumbe baba yako amefungua mapema mwaka huu."

Ningemjibu nini? Mtoto hamfukuzi mzee. Nikasema ndiyo. Wakaja na wengine.

Baba aliporudi jioni, nusu ya ngitili ilikuwa imeliwa na kukanyagwa. Mzee Masanja akamshukuru kwa mikono miwili. Baba alinitazama, akaitazama mikono yangu iliyochubuka.

"Karibuni," akasema. "Nimeona nifungue."

Kisha akanikalisha kwenye kigoda, akanitoa miiba viganjani, mmoja baada ya mwingine, asiulize kitu. Nami, kwa akili zangu za kitoto, nikamshukuru Mungu kwamba hajajua.

Neno likishatoka kwa mwenye nyasi halirudishwi. Siku nne zilizofuata makundi yaliingia na kutoka, mpaka ikabaki ardhi tupu. Mwaka huo mvua zilichelewa. Ng'ombe wetu walianza kuanguka, na yule mwekundu alikufa mlangoni mwa zizi, ulimi uko nje, ndama wake bado akitafuta chuchu. Nililia nikaishiwa sauti.

"Baba Kabula," mama alimuuliza mbele yangu, "zile nyasi ulikuwa unamgawia nani?"

"Nilikosea, mama Kabula," baba akajibu, akachukua panga kwenda kuwakatia matawi wachache waliobaki. Aliendelea kuamka akiimba, jambo lililomuudhi mama kuliko vifo vyenyewe. Msimu uliofuata akafunga ngitili upya.

Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, nilipong'amua kwamba mtu aliyekutoa miiba mikononi hawezi kuwa hajui ulishika nini. Angesema ni utundu wa mtoto, watu wangetoka, na nusu ya nyasi ingebaki. Lakini kijiji kizima kingenijua kama binti aliyemaliza ng'ombe wa baba yake. Nilidhani baba anaishi kwa ajili ya mifugo. Kumbe alishajua zamani anaishi kwa ajili ya nini, ndiyo maana hata hasara ile haikumnyang'anya usingizi. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, na bado naukosa.

Mama alifariki akiwa bado anamlaumu baba kila kiangazi, naye hakumsahihisha hata mara moja. Baba tulimzika mwaka huu. Msemaji wa familia akauliza kama kuna mtoto mwenye neno. Nikasimama mbele ya watu wote, Mzee Masanja ameketi mstari wa mbele na fimbo yake. Nikamshukuru baba kwa kunisomesha, nikakaa.