Leo Unauza Nini?

Nimeuza taa, mikoba, mafuta ya nywele na mashine za kusagia juisi, na sikuwahi kushika hata kimoja kati ya hivyo. Ndivyo biashara yenyewe ilivyo. Kampuni ina bidhaa zake mtandaoni, wewe unapewa linki yako, unaitawanya kwa watu, na mtu akinunua kupitia linki hiyo unakatiwa kamisheni. Huna duka, huna mzigo, huna bosi. Mwalimu wetu wa mtandaoni, kijana wa suti na meno mengi, alirudia maneno hayo kila somo mpaka nikayaota. Hakusema kwamba huna wa kuongea naye pia. Hilo nililigundua mwenyewe chumbani kwangu mtaa wa Makole, hapa mjini, nimekaa kwenye mkeka, simu imechomekwa ukutani, tangu watoto wa mwenye nyumba wanapokwenda shule mpaka wanaporudi.

Mkataba wangu ofisini ulikuwa umekwisha. Ilikuwa kazi ya muda ya kuingiza takwimu. Wakatushukuru kwa soda na keki, wakatupa mkono, basi. Nilikuwa na shahada, chumba cha kupanga, na mama mkubwa kule kijijini Haneti. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu mzazi alipofariki, na kwa kuwa Mungu hakumjaalia mtoto wa tumbo lake, mimi ndiye mtoto wake pekee. Kumwambia nimekosa kazi sikuweza. Nikamwambia nafanya biashara mtandaoni.

"Mtandaoni ndiyo wapi?" akauliza kwa kupaza sauti, maana anatumia kitochi, simu ndogo ya tochi, na anaamini simu haisikii vizuri.

Nikamwambia ni soko lisilo na uwanja.

"Eee. Basi Mungu akusimamie kwenye hilo soko."

Yule mwalimu alitufundisha kwamba soko la kwanza ni watu wanaokupenda. Jamani! Sentensi moja tu, na ndiyo iliyoniponza. Nikawaingia watu wangu bila hodi. Kundi la niliosoma nao sekondari, kundi la kwaya, kundi la ukoo, wote asubuhi linki, mchana linki, jioni linki. Na kila linki niliitanguliza kwa herufi kubwa kama tulivyofundishwa: HARAKA! LEO TU! USIKOSE! Mwanzoni waliniwekea vidole gumba na kuniita mpambanaji. Kununua sasa, thubutu!

Mtu wa huku hanunui kitu bila kuuliza bei ya mwisho. Bei imeandikwa pale, kubwa, nyekundu, bado ananiuliza, "Bei ya mwisho ngapi, dada?" Namjibu ndiyo hiyo hiyo. "Hata mimi? Mimi wa kwenu?" Sasa nitapunguzaje bei ya kitu kisicho changu? Wakaniona nina roho mbaya. Mama mmoja wa kwaya aliipenda meza niliyoitangaza, akamtafuta muuzaji mwenyewe, wakapatana, akapunguziwa, kisha akanitumia picha ya meza ikiwa sebuleni kwake. "Asante kwa kunionyesha, Mungu akubariki." Linki yangu hakuigusa, kwa hiyo mimi nikabaki na hiyo baraka. Nikamtumia vikatuni vya kucheka, halafu nikalia kwa hasira.

Aliyenunua wa kwanza alikuwa rafiki yangu, yule tuliyekula sahani moja ya maharage miaka yote ya bweni. Alichukua mkoba. Mkanda ulikatika kabla hata haujazoea bega, naye hakusema neno. Nikaja kuuona mwenyewe, umeshonwa na fundi viatu. Mimi ndiye niliyemwambia ni ngozi imara. Nilijuaje? Niliisoma tu, nikainakili. Zamani tulikuwa tunapigiana simu bila sababu, kusema watu na kucheka mpaka mmoja aishiwe salio. Tangu nianze linki, kila nikipiga nilikuwa na kitu cha kuuza. Siku moja akapokea, hata salamu hakutoa.

"Leo unauza nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Na kweli, siku ile nilikuwa nauza sufuria.

Baada ya hapo watu walianza kunichunia. Kwenye kwaya nilitolewa kundini, wakasema kundi ni la Mungu si la sokoni. Wa ukoo hawakunitoa, ila nikiandika hata "habari za asubuhi" kulikuwa kimya, utadhani nimepiga hodi nyumba iliyohamwa. Nilikuwa natoka kwenda gengeni kununua nyanya ambazo sikuzihitaji, ili tu mtu aniulize nataka za bei gani. Upweke wa namna ile sikuwa nimewahi kuuonja. Simu yangu ilikuwa na mamia ya watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinitafuta.

Isipokuwa Mama mkubwa. Yeye alikuwa ananiuzia kuliko mwalimu wangu wa suti. Kanisani, kisimani, mashineni, alitangaza: mwanangu ana soko mtandaoni, mpeni hela awaletee. Na Haneti, mtu akikuamini hafungui linki. Linki ataifungulia wapi, na simu yake ya tochi? Anakuagiza. Anafunga hela kwenye kipande cha kanga, anampa mtu anayekuja mjini, na anakuachia yote mengine. Ndivyo tulivyoagizana chumvi, viatu vya shule na dawa za ng'ombe tangu enzi. Hivyo wakaniagiza taa za sola. Nikachukua hela zao, nikawanunulia kwa simu yangu, kwa jina langu, kupitia linki yangu mwenyewe. Kampuni ikazipakia moja kwa moja juu ya basi la Kondoa linalopita Haneti, na nilijiona nimefika.

Kampuni ikanifungia akaunti.

Kumbe kununua kupitia linki yako mwenyewe ni wizi. Wao waliona mtu mmoja, simu moja, ananunua taa nyingi ili ajilipe kamisheni. Kamisheni yote ikafutwa, hata ile ya halali. Nikaandika kujieleza: hizi si taa zangu, ni za watu wa kijijini, wameniagiza. Nikajibiwa papo hapo, "Tunasikitika kwa usumbufu. Je, jibu hili limekusaidia?" Halikunisaidia! Nikaandika tena, maelezo marefu, nikamweleza mpaka habari za kanga. "Tunasikitika kwa usumbufu." Ilinichukua muda kuelewa kwamba upande wa pili hapakuwa na mtu. Siku nzima nilikuwa nagombana na mashine, na kwa aibu naisema, ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote mwezi ule.

Taa nazo zilikufa mapema, moja baada ya nyingine. Watu wa kwetu hawakutukana. Kila aliyefiwa na taa aliibeba, akaja kuiweka barazani kwa Mama mkubwa, akamwamkia, akaondoka zake. Kuwaonyesha kampuni wasingeweza. Waliyemjua ni yeye. Naye akawalipa mmoja mmoja, huyu kuku, huyu karanga, huyu mbuzi, na mimi hakuniambia kitu. Nilisikia kwa watu wengine. Nilipompigia kumwomba radhi akanikatisha, "Umekula lakini?"

Kisha akaumwa. Alikuwa na uvimbe tumboni ambao alikuwa anauficha muda mrefu, akiita gesi. Wakamleta mjini, hospitali kubwa, na daktari akasema lazima apasuliwe, ila damu yake iko chini mno. Akaniambia niite ndugu na marafiki waje kuchangia, upesi. Mimi nikatoa yangu palepale. Haikutosha.

Nikatoka nje, nikaegemea ukuta, nikaandika kwa watu wote. "HARAKA, naombeni msaada, leo tu, mama yangu mkubwa anahitaji damu." Nilipokwisha kuutuma ujumbe ndipo nikaona nilivyouandika. Maneno yote ya dharura nilikuwa nimeshayamaliza kwenye mafuta ya nywele. Nikasubiri. Kwa wengine ujumbe haukufika kabisa, walikwishanifungia. Kwa wengine ulifika, ukakaa bila kusomwa. Mmoja tu alijibu, niliyesoma naye kidato cha tatu.

"Bei ya mwisho?"

Sikuwa hata na nguvu ya kumtukana. Nikapanda bodaboda mpaka Area C, nyumbani kwa rafiki yangu, nikagonga geti kwa viganja vyote viwili. Nikasikia ndala zinakuja. Akachungulia kwenye upenyo, akaniona, na kabla sijafungua mdomo akasema taratibu, kwa huruma hasa, "Leo sina hela, rafiki yangu. Kweli tena."

"Nimekuja kuomba damu," nikamwambia. "Ni Mama mkubwa."

Alifungua geti, akapanda bodaboda ile ile pamoja nami akiwa na kanga ya jikoni. Baada ya kutoa tulikaa kwenye benchi, ameukunja mkono juu ya pamba. "Ujumbe wako niliuona," akasema. "Niliona HARAKA, nikauacha." Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa, nikamshukuru kama mtu wa ofisini. Damu nyingine iliyohitajika ilitoka kwa wanafunzi wa chuo waliokuja kujitolea siku ile. Walikuwa hawanijui, wala namba zao sina.

Upasuaji ulikwenda salama. Mama mkubwa alipopata nguvu ya kuongea, jambo la kwanza aliloniuliza ni nani waliompa damu. Kwetu jambo kama hilo halipiti kimyakimya. Aliyekupa damu ameshakuwa ndugu, sharti umshukuru kwa mdomo wako. Nikampigia rafiki yangu, akapokea, Mama mkubwa akamtupia "mbukwa" yake, salamu ya kwetu, kwa sauti ile ile ya kitochi, akambariki yeye na watoto wake ambao bado hajawazaa. Wagonjwa wa jirani wakacheka.

"Haya, na wengine?"

Ningemwambia ukweli, ni wanafunzi, siwajui. Lakini alikuwa ananiangalia kwa fahari, huyu mwanamke aliyetoa mbuzi wake kwa ajili ya taa zangu, na sikutaka ajue. Nikasema ni wenzangu wa kwaya, na wa shule, na wa ofisi ya zamani.

"Nipigie niwashukuru."

Nikampigia mmoja wa kwaya, nikaweka sauti ya juu ili asikie. Ikaita mpaka ikakatika. "Atakuwa kazini," akasema. Nikapiga kwa mwingine, ikaita, ikakatika. "Huyu labda yuko kanisani." Mwingine akaikata yeye mwenyewe, baada ya mlio mmoja. Mwingine hapatikani. Mama mkubwa aliendelea kuwatafutia sababu, mmoja mmoja, kwa upole, mpaka sababu zikamwishia. Akaichukua simu mkononi mwangu, akailaza kifudifudi juu ya shuka.

"Mwanangu, huku mjini unaishi na nani?"

"Peke yangu, mama."

Akaweka kiganja juu ya mshono, akauma meno, akajisogeza kidogo kidogo mpaka ukutani, nusu ya kitanda ikabaki wazi.

"Haya," akasema. "Panda."