Msusi na Shule ya Vichwa

Wateja walimwita Mikono Myepesi, kwa sababu mtu aliweza kusinzia kitini huku akisukwa. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: viti viwili vya plastiki, kioo chenye ufa, na harufu ya mafuta ya nywele iliyogoma kutoka hata madirisha yakiwa wazi. Humo ndimo bintiye wa pekee alimosomea. Alisoma kwa sauti, akiwaigiza walimu wake mpaka wateja wakashika mbavu.

Binti alipochaguliwa kwenda sekondari ya vichwa, ile ya bweni inayochekecha watoto kama unga, baba yake aliitangaza habari hiyo katika kila kituo alichosimamisha lori lake. Mama alifurahi pia, lakini moyo haukutulia. Mtoto huyu alijifunza kwa kuropoka, kukosea na kucheka. Huko, alisikia, watu hawacheki.

"Mwanangu, shule hii unaitaka wewe?"

"Baba anaitaka sana."

Mama alilisikia jibu lile vizuri, akalipita.

Likizo ya kwanza binti alirudi na kitambaa kichwani. Mama akamkalisha chini amsuke. Vidole vilipofika nyuma ya sikio vilikuta ngozi tupu. Akapapasa tena; upande wa pili nako kipara, kisogoni kingine.

"Ni ugonjwa?"

"Hapana, mama. Nang'oa mwenyewe. Swali likinishinda, mkono unakwenda tu." Akakikunja kitambaa mapajani. "Usimwambie baba."

Mama aliendelea kuchana, maana angesimama angelia.

Siku iliyofuata alifunga saluni, akaenda shuleni. Mwalimu wa malezi, aliyebaki shuleni wakati wa likizo, alimpokea kwa upole, akamvutia kiti.

"Mama, hapa kila mtoto alikuwa wa kwanza alikotoka. Wengi wanazoea."

"Na wasiozoea?"

Mwalimu alipanga kalamu zake upya mezani. "Tunawatia moyo."

Baba aliporudi safari, mama alimweleza yote. Sahani ya chakula ikapoa mbele yake.

"Kwa hiyo unataka kumzika mwanangu hapa, katikati ya mawigi?"

"Namtaka mzima, baba."

"Wenzake wanavumilia!"

"Sikuwazaa wenzake mimi."

Walimwita binti aseme mwenyewe. Alisimama mlangoni akitazama vidole vya miguu. "Nikirudi nyumbani nimeshindwa. Nikibaki..." Baba alichukua funguo, akatoka nje, akakaa ndani ya lori lililozimwa.

Basi mama akaamua peke yake. Alikwenda bwenini akachukua sanduku na godoro, akamwandikisha binti katika shule ya kutwa ya jirani. Mkono wa mtoto uliacha kwenda kichwani. Alama zake zikawa za kawaida, na usingizi ukamrudia. Hata hivyo, hakukanyaga tena saluni. Akitoka shule alipitia mlango wa jikoni, akasoma chumbani kimyakimya. Baba naye alianza kuomba safari ndefu. Akiwa nyumbani, alimsalimia mtoto kama anavyosalimiwa mgeni wa jirani. Wateja waliuliza yule mchekeshaji yuko wapi, kisha wakachoka kuuliza.

Mchana mmoja mteja mmoja aligeuza shingo katikati ya kusukwa. Mwanawe naye amechaguliwa, shule ileile.

"Hebu niambie dada, wewe unaijua. Nimpeleke?"

Msusi alishikilia msuko nusu.

"Sijui, dada yangu. Wa kwangu nimemtoa. Mpaka leo sijui kama nilimwokoa au nilimvunja."

Aliinua macho, akaona kwenye kioo binti yake amesimama kwenye pazia la mlango wa ndani na kikombe cha maji mkononi. Akamwita. Binti aligeuka, akarudi ndani bila kuitika, na mama akabaki ameshika nywele za watu, hawezi kumfuata.