Noti Aliyoiruka Mdogo Wangu

Majina sitaandika. Lakini mtu asidhani kwamba nimemsahau. Yule dereva aliyetutupa bondeni anajijua, na mwalimu wa kwaya anajijua, na siku wakisomewa haya wataacha kula.

Kazi yangu ni kufunga mboga. Banda letu liko kando ya barabara, juu kidogo ya Soni, pale magari yanapopakia kabichi na karoti za kupeleka Dar es Salaam. Mkishaosha karoti mtoni na kuzijaza magunia, mnakaa kungoja lori, na lori halijawahi kuja saa iliyosemwa. Kwingine watu wakingoja hivyo hubishana mpira. Kwetu mwenye banda amepiga marufuku mpira, kwa sababu timu yake inamharibia tumbo. Basi sisi tunabishana muziki: bendi gani ni bora kupita zote, na mwanamuziki gani hajapata mwenzake.

Mwenye banda ni mtu wa dansi la zamani. Kwake yeye dunia iliisha siku wapiga saksofoni walipoacha kuvaa suti. Bwana karoti, mkulima wa bonde la chini tunayemfungia mzigo wake, ni mtu wa taarab, tena ile ya kukaa kitini. Akishavua kofia na kuiweka gotini ujue anataka kuanza.

"Taarab ndiyo muziki," husema. "Hayo mengine ni madebe ya kufukuzia kima kwenye mahindi."

"Baba, hiyo yako ni ya kulalia," humjibu mama chai, ambaye jiko lake liko mlangoni mwa banda. Yeye ni singeli asubuhi mpaka jioni. "Mimi nina vitumbua hapa. Nikisikiliza kinanda chako mafuta yatapoa."

"Singeli! Mtu anaimba kama anakimbizwa na nyuki."

"Si afadhali anakimbia? Wako amekaa anangoja nini?"

Tunacheka. Hata mimi hucheka, ila nafunika mdomo. Mdomo wangu wa juu umeshonwa, na meno ya mbele hayapo. Nikiulizwa bendi bora nasema siku zote jambo moja: tarumbeta za kanisani, zile zetu za wakati ule.

"Tarumbeta ni za harusi na maziko tu," mwenye banda aliniambia siku moja.

"Ndiyo," nikamwambia. "Wewe una shughuli gani nyingine kubwa zaidi ya hizo mbili?"

Nieleze ilivyokuwa. Tulikuwa vijana wa tarumbeta kwenye kanisa letu la Kilutheri, mimi na mdogo wangu na wenzetu. Mimi nimeishia darasa la nne, yeye hata hapo hakufika, lakini ukimpa wimbo mara moja anao. Tarumbeta lake lilikuwa kuukuu, na katika vitufe vyake vitatu kile cha kati kilikuwa kimeshikwa na kutu. Ukikibonyeza hakiendi. Alikipaka mafuta ya nazi, akakipaka hata mafuta ya cherehani, hakikuenda. Akatunga wimbo wake mwenyewe, shambani, tukipalilia maharage. Ulikuwa wa kupigwa alfajiri ya Pasaka, tunapokwenda makaburini kuwaamsha marehemu kabla jua halijatoka. Ndani ya wimbo ule palikuwa na noti moja inayotaka kitufe cha kati. Alifanyaje? Alinyamaza. Alifika pale, akakata pumzi, kimya kidogo, akaruka akatua upande wa pili. Mtu asiyejua anadhani amekwama. Sisi tulijua ni kitufe.

Nyumbani alikuwa akiuimba kwa mdomo, na kwa mdomo ile noti alikuwa anaitia. Ndiyo maana naijua.

Tukaalikwa kupiga harusi Bungu. Wakati wa kurudi kulikuwa na ukungu, na dereva wa pikapu alikuwa amekunywa. Nasema alikuwa amekunywa, nilimwona. Kwenye kona aliruka yeye, sisi tukaenda na gari. Mdogo wangu hakutoka, na tarumbeta lake hatukuliona tena. Mimi nilitoka na mdomo huu, ambao haupulizi hata jiko. Dereva yupo hai, anauza vipuri huko chini, na nikipita anajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Mwenzetu mmoja hakwenda Bungu siku ile. Alisema tumbo linamuuma. Huyo ndiye leo mwalimu wa kwaya. Lile tumbo sijawahi kuliamini.

Sasa siku moja tuko bandani, mvua inanyesha, lori limekwama kwenye tope, mwalimu wa kwaya akaingia kukinga mvua. Amevaa koti la plastiki, mkononi ana kispika kidogo cha simu.

"Wapendwa, mnabishana nini?"

"Bendi bora ya nyakati zote," mama chai akasema. "Shikamoo mwalimu." Mama chai, pamoja na singeli yake yote, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya yake.

"Marahaba. Mmeanza kubishana bila kutusikiliza sisi?" Akabonyeza simu yake. "Tumerekodi wimbo. Watu wanausikiliza mpaka Mwanza."

Kwaya ikaanza kuimba. Siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri. Bwana karoti alishika kofia yake asiivae wala asiiweke. Mwenye banda alisahau dansi lake. Mimi nilikuwa nafunga gunia, na kamba ikanitoka mkononi. Wimbo ule niliujua. Maneno yalikuwa mapya, ya Bwana amefufuka, lakini mwendo wake ulikuwa wa shamba la maharage. Nikajiambia, ngoja. Nyimbo zinafanana, usimkamate mtu kwa kufanana. Ngoja afike pale.

Wakafika pale. Kwaya nzima, watu wazima na akili zao, wakanyamaza kidogo, wakaruka, wakatua upande wa pili.

Walikuwa wanaimba kutu ya tarumbeta la mdogo wangu.

"Mwalimu," nikasema, "wimbo huu katunga nani?"

"Bwana alinipa, mgosi." Mgosi ndivyo Wasambaa tunavyomwita mwanamume.

"Hapo mnaponyamaza, na hapo alikupa Bwana?"

Akanitazama. Alinitazama mdomo kwanza, kama watu wote, halafu macho. "Hayo ni mapambo," akasema. "Wimbo lazima upumue."

"Mapambo? Kitufe cha kati kilikuwa hakiendi! Wewe ulikuwa umesimama naye bega kwa bega."

Bwana karoti akauliza kulikoni, nami nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, maneno mengi zaidi na matusi mawili. Mwenye banda akasema, "Haya, tuimbie basi huo wenye noti yake." Nikaimba na huu mdomo wangu, mate yakitoka. Sikuimba vizuri. Mama chai aliinama kwenye jiko lake akawa anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka tayari.

Nilitaka mwalimu abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nina miaka mingi ya kujiandaa. Yeye akazima kispika, akaniwekea mkono begani.

"Mgosi, una haki. Ulikuwa wimbo wake. Pasaka hii alfajiri tutauimba makaburini, nami nitamtaja marehemu kwa jina mbele ya watu wote. Umeridhika?"

Watu wakapumua. Mama chai akanimiminia chai bila kuagizwa. Lakini mimi nikajiuliza, mbona haraka hivyo? Mtu anayekubali kabla hujamaliza kumshtaki ana jambo lake. Sitaki mali, sitaki kurekodiwa. Mdogo wangu hakuacha mtoto, hakuacha picha, hata kaburi lake msalaba wa mti umeshaoza mara mbili nikaubadilisha. Alichoacha ni wimbo. Kama nao ni wa mwalimu, basi hakuwahi kuzaliwa.

Kwaresima yote nilikuwa natega sikio. Nikipita kanisani siku za mazoezi nakuta madirisha yamefungwa. Kwaya gani inafunga madirisha? Nikamwendea mama chai.

"Mwalimu anawafundisha nini huko?"

"Nyimbo."

"Nyimbo gani?"

"Shemeji, za Mungu." Ananiita shemeji kwa utani tu. "Kunywa chai."

"Ameandika nini ubaoni? Do re mi zile zile au nyingine?"

"Ametukataza kusema nje. Wewe njoo Pasaka." Halafu akaongeza singeli yake sauti mpaka spika ikawa inakoroma, ili nisiulize tena.

Kuanzia hapo hata yeye nikamwekea shaka. Chai yake nilikunywa, lakini nilikuwa naitazama kwanza.

Pasaka ikafika. Jumamosi nilikwenda kupalilia kaburi, nikapanda masale mapya pembeni. Alfajiri tukatoka kanisani kwa maandamano, tarumbeta mbele, ukungu mzito, huoni mtu wa mbele yako ila unamsikia anakohoa. Kina mama wamejifunga vitenge mpaka masikioni. Tulipofika nilimwona mtu amesimama nje ya ua wa masale, kofia kichwani. Alikuwa bwana karoti. Ameswali alfajiri yake huko bondeni akapanda mlima.

"Onga makeo," nikamsalimu Kisambaa, salamu ya asubuhi.

"Nimekuja kusikia hiyo bendi yako bora," akasema. "Nikikuta ni madebe, nitakwambia."

Tarumbeta zikapigwa, mchungaji akasoma, kisha mwalimu akasimama mbele ya kwaya. Nikasogea. Moyo wangu ulikuwa unanipiga mpaka kwenye kovu.

"Sasa," akasema, "tutaimba wimbo tulioachiwa na wazee wetu."

Basi. Hakusema neno jingine. Wazee wetu! Mdogo wangu alikufa ndevu hazijaota.

Wakaanza. Na hapo ndipo nilipojua madirisha yalifungwa kwa nini. Walipofika mahali pale, sauti ya kwanza yote iliimba ile noti. Iliimbwa safi kabisa, kama nilivyoiimba mimi bandani. Mwalimu aliichukua mdomoni mwangu akaitia mahali pake, ili mtu yeyote akija kesho na kusema wimbo huu ni wa tarumbeta lenye kutu, aulizwe, kutu iko wapi? Nilikuwa kama mtu aliyeibiwa mbuzi mwenye alama sikioni, akaonyeshwa mbuzi asiye na sikio. Na kisu nilimpa mimi mwenyewe.

Nikageuka niondoke. Ubeti wa pili ukawa umeanza, nami niko karibu na bwana karoti, mguu mmoja nje ya ua, wakafika tena pale.

Sauti ya kwanza iliimba. Sauti ya pili haikuimba. Mstari mzima wa kina mama ulinyamaza, ukaruka, na mbele ya mstari, kitenge mpaka masikioni, alikuwa mama chai. Mwalimu akamtazama. Ubeti wa tatu akampungia mikono usoni kana kwamba anafukuza nyuki. Walipofika pale, sauti ya pili kimya, na safari hii wazee wa besi, ambao walikuwa wamezoea kunyamaza hapo tangu mwalimu awape wimbo, wakanyamaza nao. Ile noti ikabaki na wasichana wawili watatu wa mbele, wakatazamana, wakaiacha.

Kimya kile kilikuwa kifupi. Nilisikia maji yanadondoka kwenye masale. Kisha wote wakatua upande wa pili.

Bwana karoti alivua kofia.

Sikumsubiri mwalimu. Nilijua angekuja na mkono wake wa begani, aseme alisahau jina, aseme alikuwa na maana ya marehemu wote. Nilishuka.

Jumanne tukawa bandani, lori halijaja. Mwenye banda akaanza dansi lake, kwamba bendi ya kwanza duniani ni ile na ile, na hakuna ya pili.

"Ya kwanza ni taarab," bwana karoti akasema, "hilo halina mjadala. Ya pili ni tarumbeta la marehemu mdogo wake mgosi huyu." Akamtaja mdogo wangu kwa jina, jina lake lote na la baba yetu, kama nilivyoliandika msalabani. Lilikuwa halijatajwa kwa sauti mbele ya watu tangu siku ya maziko.

Nikawaza, huyu anataka nini? Labda anataka karoti zake zifungwe kwanza. Nikazifunga kwanza.

Halafu nikaenda jikoni kwa mama chai, nikasimama mpaka akainua macho.

"Jumapili pale," nikamwuliza, "ulisahau, au ulikusudia?"

Akageuza kitumbua kimoja, akageuza cha pili.

"Shemeji," akasema, "toka kwenye mwanga wangu. Vinaungua."