Kamba ya Nguo Haidanganyi

Saa moja asubuhi, Mama Chaki anasimama mbele ya mlango wa buluu, mkongojo mkononi, kisanduku cha chanjo begani. Habishi hodi. Kwanza anachungulia uani, kwenye kamba ya nguo.

"Kamba ya nguo haidanganyi," anasema.

Ni mwaka wake wa tisa kama mhudumu wa afya wa mtaa huu. Jina alipewa na watoto, kwa ile chaki anayoandikia milangoni: nyumba iliyokwisha kupata matone ya polio huwekewa alama ya vema.

Mlango huu aliuwekea vema miezi mitatu iliyopita. Bibi mwenye nyumba alitoa wajukuu wawili, wakapewa matone, wakapakwa wino kidoleni, kwaheri. Wiki moja baadaye, akipita kwenda dukani, akaona kambani magauni ya saizi tatu, moja la njano.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Mimi, mwenye mguu huu!"

Mguu huo ulipooza kwa polio akiwa na miaka mitatu. Wachanjaji wa surua walipokuja baadaye, dada zake waliitwa uani. Yeye aliachwa chumbani, na surua ikamkuta humo humo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tangu alipoyaona magauni yale haulizi tena, "Mna watoto wangapi?" Anauliza, "Nani hajatoka nje?" Swali hilo linamlia muda. Wenzake humaliza nyumba themanini kwa siku. Yeye akijitutumua sana, hamsini. Msimamizi wake ananung'unika kwamba fomu ina nafasi ya nyumba, haina nafasi ya maswali. Lakini kwa siku mbili za kampeni hii, swali limewatoa vyumbani watoto sita.

Wa mlango wa buluu bado. Mara mbili amerudi, mara mbili amefukuzwa. Leo kampeni inafungwa, na kwa maelezo ya majirani, wiki ijayo mtoto huyo anatimiza miaka mitano. Umri wa matone utakuwa umempita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wawili hawa hapa."

"Na mwenye gauni la njano?"

Bibi anashika mlango. "Kliniki waliniambia, 'Na huyu unamleta wa nini?' Mwanangu, maneno yale siwezi kuyasikia mara mbili."

"Hata mama yangu aliambiwa hivyo." Mama Chaki anaugonga mguu wake kwa mkongojo. "Ni polio hii, bibi. Na leo mwenye matone ni mimi."

Bibi alidhani ni ajali. Anautazama mguu ule muda mrefu, kisha anaingia ndani. Anarudi amembeba msichana mwenye shingo legevu na ngumi zilizokaza.

Matone mawili. Mtoto anakunja uso, halafu anacheka. Mama Chaki halazimishi ngumi. Anangoja mpaka kidole kimoja kijifungue, ndipo anapaka wino. Anafuta kwa kiganja kivuli cha vema ya zamani mlangoni, anaandika mpya.

"Siombi pikipiki," anasema akifunga kisanduku. "Naomba mstari mmoja kwenye fomu: aliye ndani. Mwezi ujao tuna kikao, nitausema mbele ya mganga mkuu."

Bibi bado yuko mlangoni.

"Jumatatu kliniki utakuwepo?"

"Nitakuwepo, bibi."

"Basi nitawaleta wote watatu."