Duka Lililokaa Matanga

Ofisi yangu iko Uyole, juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo mteja akija kuniona lazima kwanza apite kwenye harufu ya mbolea na dawa za viazi. Malori ya Tunduma yakipita dirisha linatetemeka, nanyamaza kidogo, kisha naendelea kubishana. Natengeneza tovuti. Ukiwaambia watu hivyo hapa kwetu wanakuitikia vizuri kabisa, halafu wanakuuliza, "Sawa dada, lakini kazi yako hasa ni nini?"

Kubishana ni sehemu ya kazi. Mwenye gesti hataki picha ya vyumba, anataka picha yake mwenyewe akiwa na suti. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anataka websaiti "kama ya benki." Ukimwekea mtu kitufe cha kununulia, mteja wake hakibonyezi. Anatafuta namba ya simu, anapiga, anasalimia, anauliza habari za mvua, ndipo anauliza bei, na bei yenyewe anataka ipunguzwe. Mwanzoni nilikuwa nakasirika sana. Mimi ni Mnyakyusa, na kwetu mtu akikaa kimya tunampeleka hospitali, kwa hiyo wateja wangu walikuwa wanaambiwa ukweli hapo hapo. Wengine walikwenda kwa mafundi wapole. Waliobaki ndio wanaonilisha mpaka leo.

Mama wa Iringa alinipata kwa sababu moja tu, kwamba mimi ni mwanamke. Alipiga simu akasema ana duka la vitenge na khanga, mume wake amefariki, na yeye yuko eda. Mimi nimekulia kwenye kanisa la Moravian huko Tukuyu, mambo ya eda nilikuwa nayasikia tu. Akanieleza bila kuona tabu: mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, na wanaume wasio ndugu zake wa damu hakai nao. Akaniambia, "Sasa duka liko mjini, mimi niko ndani. Nataka uniletee duka humu."

Niliipenda sentensi ile. Siku ya pili nikapanda basi.

Iringa nilifika na baridi yake. Nyumba yao iko nyuma ya Miyomboni, ya zamani, yenye ukumbi mrefu na pazia mlangoni. Babu yake mume alikuja kutoka Bagamoyo na mizigo ya nguo akaoa huku huku, basi nyumba nzima wanaongea Kiswahili kizuri cha pwani na wanasalimiana "kamwene" kama Wahehe wote. Mama alikuwa amekaa mkekani, amevaa gauni jeupe lisilo na ua hata moja. Mtu aliyeuza maua na rangi maisha yake yote! Nikamwamkia, "Shikamoo Mama." Akaitikia marahaba, akaniambia nikae karibu nile kwanza.

Tatizo lake alilisema wazi. Mume ndiye aliyekuwa anajua wateja. Mafundi cherehani wa Mafinga, Makambako mpaka Njombe, wote walikuwa wakimpigia yeye simu, naye anawafungia mzigo na kuutuma kwa basi. Tangu afe, simu imekuwa kimya. Dukani yuko mdogo wake Mama, binti mwaminifu lakini mpole mno, anasubiri mteja aingie mwenyewe. Na shemeji yake, mdogo wa marehemu, ameshaanza kulitazama lile fremu la duka. Yeye anauza spea za pikipiki barabarani, kwenye vumbi, na fremu la kaka yake liko mahali pazuri. Mwenye nyumba amesema mwisho wa mwezi anataka kujua nani anaendelea.

"Shemeji si mtu mbaya," Mama aliniambia. "Lakini nikitoka eda nikakuta matairi kwenye shelfu zangu, nitakwenda wapi mimi? Nitakuwa mjane wa kulishwa."

Basi tukafanya kazi. Mdogo wake alileta vitenge kutoka dukani, robota kwa robota, tukavitandaza uani kwenye jua na kuvipiga picha. Mama alikaa kizingitini akitaja kila kimoja: hiki kinakwenda kwa sare za harusi, hiki wanapenda Wabena, hiki kikifuliwa kinachuja usikiweke mbele. Chini ya kila picha niliweka kisanduku cha kuandikia oda, maneno machache tu: andika unachohitaji.

Tulipofika ukurasa wa mbele akasema, "Hapo mweke yeye. Duka ni lake."

Sikubisha, na nani angebisha? Hapa kwetu mwenye biashara akifa picha yake inatangulia. Akanipa picha ya marehemu amesimama mlangoni mwa duka, kofia kichwani, mkono juu ya robota, anacheka. Tukaandika kwamba mmiliki amerejea kwa Mola wake, tukaweka innaa lillahi, na chini yake kwamba duka linaendelea. Ilipendeza. Mimi mwenyewe nilipoiona machozi yalinilenga, na sikuwahi kumwona yule mzee akiwa hai. Mama akachukua simu ya marehemu, akawatumia anwani ya tovuti mafundi wote waliokuwa humo.

Nikarudi Uyole nimejaa matumaini. Asubuhi nafungua mitambo yangu: watu wanaingia, tena wengi, kutoka Mafinga, Makambako, hata Songea. Oda? Hakuna. Kesho yake vile vile. Wanaingia, wanakaa, wanatoka. Nikabadilisha rangi ya kitufe. Nikaongeza namba ya simu kwa herufi kubwa. Kimya! Nilikuwa napita barabarani nasema peke yangu, mpaka mama muuza ndizi wa hapo chini akaniuliza kama niko sawa.

Halafu Mama akanipigia. Shemeji yake amekuja, amesimama barazani, akaongea naye nje ya pazia: "Shemeji, duka halitembei. Mimi sikufukuzi, nakusaidia. Mwezi ukiisha naingiza spea." Akaondoka. Mama sauti yake ilikuwa ya chini, na mimi wanaoongea chini wananitisha kuliko wanaofoka.

Nilifungua visanduku vya oda kimoja kimoja nikitafuta hitilafu. Jamani! Vilikuwa vimejaa. Mashine yangu ilikuwa inahesabu oda zenye jina la kitambaa, na hawa hawakuandika kitambaa. Waliandika pole. "Poleni sana wafiwa, alikuwa mtu wa watu." "Mungu ampumzishe, alinikopesha kitambaa cha kwanza cha ufundi wangu." Fundi mmoja wa Mafinga aliandika: "Nilitaka vitenge vya sare za kwaya ya usharika wetu, lakini nimeona msiba. Tutasubiri mtulie." Mwingine kaandika atarudi siku nyingine, sasa siyo wakati.

Niligonga meza. Adabu hii itamfilisi mtu! Watu wameingia dukani wakamkuta marehemu mlangoni, wakavua kofia, wakatoa pole, wakaondoka. Nani anauliza bei matangani? Hata mimi nisingeuliza. Ndiyo maana nilikasirika zaidi, sikuwa na wa kumlaumu.

Nikapanda basi tena. Njiani nilipanga maneno yangu yote, na nilipofika nikayasema bila hata kumaliza chai: "Mama, tumtoe pale mbele. Leo hii. Tunaweka kitenge chekundu, biashara inatembea."

Akanitazama. "Nimtoe? Nimemtoa humu ndani kwa jeneza, mwanangu. Na huko nako nimtoe?"

Nikanyamaza, Mnyakyusa mzima. Nilikunja mikono nikaangalia mkeka. Nje mtu alikuwa anatwanga kitu, na mdogo wake akapita na ndoo ya maji. Baadaye Mama akasema, "Hebu nisomee hizo pole."

Hakuwa amezisoma. Alidhani kile kisanduku ni cha oda tu na mimi ndiye ninayekitazama. Nikamsomea, yule wa kitambaa cha kwanza, yule wa kwaya, wote. Alisikiliza ameshika tasbihi bila kuihesabu. Mara moja alicheka, fundi wa Njombe alipokumbusha jinsi marehemu alivyokuwa akikataa kupunguza bei halafu anaongeza yadi ya bure. Nilipomaliza akauliza, "Na wewe umewajibu nini?"

"Sijawajibu kitu, Mama. Ni pole."

"Loo! Mtu anakupa pole, unamkalia kimya?" Hapo ndipo nilipomwona mfanyabiashara ndani ya lile gauni jeupe. "Kwenu Mbeya mtu akija msibani, akitoa pole, mfiwa anasemaje?"

"Anasema tumeshapoa."

"Basi. Asipoambiwa hivyo anaondokaje? Hawa wote bado wamekaa kwenye mkeka wangu. Wananisubiri niwaambie."

Nikafungua kompyuta niandike. Akasema ngoja. Akafumbua mdomo, neno halikutoka. Akajaribu tena. Mimi nilikuwa nimeliandika neno lile, tumeshapoa, mara elfu kwenye simu, unaandika huku unachemsha maji ya ugali, sikujua kwamba lina uzito. Akainuka akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilisubiri mpaka chai ikapoa ikaweka utando juu. Nilitamani kumwambia aache, Mama, acha, tutatafuta njia nyingine. Lakini njia nyingine sikuwa nayo, na mwezi ulikuwa unaisha.

Alitoka amenawa uso. "Nipe simu. Nitawaandikia mwenyewe, mmoja mmoja. Marehemu hakuwa anawajibu watu kwa mafungu."

Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akitaja kila fundi kwa jina. Tumeshapoa, ahsante. Matanga tumeanua. Karibu dukani, vitenge vya kwaya vipo. Kila akimaliza mmoja alikuwa anavuta pumzi, kisha anaanza mwingine. Jua lilikuwa limeshaondoka uani alipofika wa mwisho, na macho yake yalikuwa mekundu.

Halafu akanirudishia simu. "Na yeye mrudishe ndani. Mlangoni amesimama muda mrefu." Nikampeleka marehemu kwenye ukurasa wa ndani, ule wa historia ya duka, na mbele nikaweka vitenge.

Yule wa kwaya alikuwa wa kwanza. Alituma oda kabla sijafika stendi, na kisha akapiga simu kuhakikisha oda imefika, na kisha akataka apunguziwe. Baada yake wakaja wengine. Mdogo wake Mama alianza kukata vitambaa bila kukaa chini, anafunga mizigo, anakimbilia mabasi, na Mama anaongoza kila kitu akiwa mkekani kwa simu. Shemeji alipokuja dukani kupima shelfu zake alikuta marobota yamezuia mlango. Binti akamwomba amsaidie kubeba mawili mpaka kwenye bodaboda. Akabeba. Mama aliniambia alirudi barazani jioni ile akasema nje ya pazia, "Shemeji, hiyo websaiti yenu ina jini?" Akacheka, akaacha mfuko wa mchele, na fremu hakulitaja tena. Mwenye nyumba akaambiwa anaendelea Mama.

Siku aliyotoka eda alinialika. Nilifika nikamkuta dukani, si nyumbani. Alikuwa ameoga, ana hina vidoleni, amejitanda khanga ya rangi ya machungwa mpaka macho yaliniuma kwa furaha. Alikuwa anapanga vitenge upya, akilalamika kwamba mdogo wake amechanganya vya pamba na vya plastiki. Nikamkumbatia. Kwa mazoea tu, kwa sababu ndivyo tunavyosema, nikamwambia, "Pole na yote, Mama."

Aliendelea kukunja kitenge alichokishika. Alikikunja mara mbili, akakilaza shelfuni, akakinyoosha kwa kiganja.

"Wewe si mteja," akasema taratibu. "Wewe nakwambia. Sijapoa, mwanangu. Sijapoa hata kidogo."

Nilimshika mkono, naye akaniachia niushike. Mlangoni akaingia fundi mmoja mzee, tepu ya kupimia shingoni, akavua kofia alipomwona Mama. "Pole mama yangu," akasema, "nimesikia umetoka leo."

Mama akautoa mkono wake kwangu, akavuta robota jipya juu ya meza. "Tumeshapoa," akamjibu. "Karibu, baba. Unatafuta nini?"