Bunduki ya Michango

Shemeji yangu wa Cedar Hill ametangulia mbele ya haki. Simu ilinikuta Stafford, kule Houston, nimekwenda kumwangalia binti yangu aliyejifungua, na kabla sijatafuta hata viatu nilikuwa nimeshaanza kucheka. Naliandika hili mapema ili mtu asiniletee barua za lawama. Nililia pia, tena njia nzima ya kurudi Dallas, lakini kicheko ndicho kilichotangulia, na aliyemjua yule bwana na bunduki yake atanielewa. Namwita shemeji kwa kuwa mkewe ni shoga yangu tangu tulipokuwa wapangaji wa Vickery Meadow, milango yatazamana, chumvi ya mmoja ni ya wote. Moyo ndio uliosimama, akiwa kazini.

Alikuwa mtu wa Mombasa, kazi yake kuwapeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha, na mapenzi yake yalikuwa shamba. Alikodi kipande cha ardhi nje ya mji, kusini ya Cedar Hill, akapanda mchicha, bamia, pilipili na mihogo michache ya kisamvu. Nani katika sisi hajala mchicha wake? Alikugongea mlango, akakukabidhi mfuko, akaenda zake. Basi wakaja nguruwe mwitu, na nguruwe wa Texas hali shamba, analilima. Nilimkuta asubuhi moja amesimama katikati ya matuta yaliyofukuliwa, ameshika mhogo uliotafunwa nusu, machozi yanamtoka, wala hakujificha. Akaniambia shamba likifa hana tena sababu ya kuamka mapema katika nchi hii. Akanunua karabini, bunduki fupi nyepesi ambayo wenye mashamba huku huitumia kwa kazi hiyo hiyo. Lilibaki suala la Mwislamu kumuua nguruwe: nani atamgusa? Jirani yake, muuguzi wa Kikenya kutoka bara, Mkristo safi, akalimaliza. "Wewe piga tu, mzee. Kubeba ni juu yangu, na kula pia."

Kosa lilikuwa moja. Chakula cha Jumapili, mbele ya watu, shemeji alisema macho yake yamezeeka, hayavioni vyema vilengeo vya chuma vya bunduki, anataka kioo kidogo cha kulengea, kile chenye nukta nyekundu, na kishikio cha mbele chenye reli, yaani ukanda wa chuma wenye meno, ili apachike tochi. Angekwenda dukani kimya kimya mambo yangekwisha. Lakini kwetu mtu akitaja haja yake hadharani, haja hiyo si yake tena. Pale pale ikaundwa kamati, ile ile ya harusi na matanga, mwenyekiti yule yule, na vitu vikagawanywa kama tunavyogawana sinia za harusi. Dereva wa lori, Mzanzibari, akachukua darubini. Alikwenda kwenye maonyesho ya silaha Fort Worth akaja na dude la urefu wa mkono, la kulengea kitu kilicho wilaya ya pili. Muuguzi akaleta kishikio chenye reli pande zote nne, kizuri mno, cha bunduki nyingine ndefu zaidi. Mwenyekiti akaleta tochi na miguu miwili ya kuegemeza. Mimi nikashona mkanda kwa leso ya korosho, kanga yenye nakshi za korosho, nikautia na pindo, na nasema bila haya kwamba mkanda wangu ndio pekee uliokaa mahali pake. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ananunua nini. Ndivyo harusi zetu zinavyopata sinia kumi za kaimati na hakuna maji ya kunywa.

Tukavipeleka vyote Houston, kwa mzee mmoja Mmarekani mwenye duka la silaha. Alivipanga juu ya meza, akajikuna ndevu, akauliza, "Hivi ni vya bunduki ngapi?" Shemeji akajibu, "Moja." Yule mzee alikuwa na subira ya mwalimu wa chekechea. Alituonyesha kwamba kishikio hupimwa kwa urefu wa bunduki yenyewe, si kwa uzuri wake. Akatuonyesha kwamba reli mbili zaweza kufanana machoni na meno yake yasilingane, kwa hiyo kilichokaa kwenye hii hakitakaa kwenye ile. Kisha akasema jambo kubwa kuliko yote: darubini yote ikae juu ya mwili wa bunduki. Usiitie kifungo kimoja kwenye mwili na cha pili kwenye kishikio, maana kishikio hupata moto na hutikisika, na shabaha itakukimbia. Ushauri wake ulikuwa kuviacha vyote, tuchukue kioo kidogo na kishikio kifupi. Tulipotoka nje shemeji akaniambia, "Mzee anasema kweli. Lakini nikiiacha darubini, Ijumaa nitamtazama vipi dereva msikitini? Ukirudisha cha mtu, umemrudisha mwenyewe." Tukarudi Dallas na mzigo wetu. Muuguzi akashika tupa, akasugua meno ya reli Jumamosi nzima, akiimba, "Ita-fit tu, mzee, ita-fit tu." Na kweli iliingia. Darubini ikakaa mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, vile vile tulivyokatazwa.

Siku ya kupiga, kamati yote ilihudhuria. Tulikaa nyuma yake na chupa za chai na mahamri, kulipopambazuka. Muuguzi alikuwa amekuja na turubai na sanduku la barafu. Bunduki ilikuwa nzito hivi kwamba shemeji hakuweza kuipiga amesimama, akalala kifudifudi, leso ya korosho begani. Nguruwe wakatoka, mama na watoto, wakaanza bamia. Katikati ya shamba ilisimama sanamu ya kuwatishia ndege, ameivisha kanzu yake kuukuu na kofia. Shemeji akalenga nguruwe kwa muda mrefu, akavuta. Kanzu ikatoboka kifuani. Sanamu ikainama polepole, ikaanguka. Nguruwe waliinua vichwa, wakatutazama, wakaendelea kula. Shoga yangu akasema, "Si haba, umempata mtu." Tukacheka hadi chai ikamwagika, na shemeji akacheka nasi, lakini mimi nilimwona jinsi macho yake yalivyokuwa yanaitazama bamia.

Baada ya hapo mchicha ukaanza tena kufika milangoni, na kamati ikajisifu kwamba mlio wa bunduki yetu umewahamisha nguruwe wilaya nzima. Mwenyekiti aliliingiza jambo hilo katika hotuba yake ya harusi moja. Wala simcheki, maana bila michango hii wengi wetu tungeshindwa na nchi hii mwaka wa kwanza. Mimi mwenyewe nilipofiwa na mama nilitiwa kwenye ndege na mikono ya watu hawa hawa. Ila tuna hofu moja inayonikera: tunaogopa mno kuonekana mikono mitupu, tunamsahau tunayemletea.

Basi nikafika matangani. Nyumba nzima ilikuwa pilau. Masufuria jikoni, masufuria kwenye ngazi, sufuria juu ya mashine ya kufulia. Nami nimesimama mlangoni na langu. Shoga yangu, katika nguo zake za eda, alilitazama akasema, "Na wewe pia." Nikaona haya. Nikaliweka chini nikamwuliza anataka nini, na alikunja upindo wa nguo yake, akaukunjua, kama mtu ambaye swali limemjia kwa mara ya kwanza. Akasema, "Shamba halijapata maji tangu alipoanguka. Mimi niko edani, sitoki."

Nikaenda. Nilikuta ua wa waya mzito umezunguka shamba zima, shemeji kautia mwenyewe, peke yake, bila kumwambia mtu. Bunduki aliiuza zamani, shoga yangu amenieleza. Lakini vitu vyetu vilikuwapo vyote. Darubini imefungwa juu ya nguzo, imeelekezwa nje, na kiti cha kunywea chai chini yake. Ile miguu miwili inaegemeza mnyanya. Tochi iko juu ya bomba, na mpira wa maji umefungwa kwa mkanda wangu wa leso, umepauka kwa jua. Komeo la lango ni reli ya kile kishikio cha muuguzi, imeingia barabara, urefu wake sawasawa. Hakurudisha cha mtu hata kimoja. Alikitafutia kila kimoja kazi, kisha akaenda kufanya mwenyewe lile alilokuwa akilihitaji. Nilifungua maji, mchicha ulikuwa umelala chini.

Msomaji wangu, ukiwa njiani kwenda Cedar Hill na sufuria, liache garini. Ingia mikono mitupu, muulize mjane anataka nini, na ungoje ajibu. Shamba sasa tunalinywesha kwa zamu, na zamu ya kesho bado haina mtu.